Kijiko Kimoja cha Asali

Nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora, sukari ilifukuzwa siku ya Ijumaa, mume wangu aliporudi kutoka kupima afya. Aliingia jikoni bila kuvua kofia, akachukua kopo la sukari, akavuka nalo barabara na kumpa jirani yetu anayepika maandazi. Aliporudi akaniambia kwamba kuanzia leo sukari haiingii tena humu ndani, si ya chai, si ya uji, wala ya mgeni. Nikamuuliza mgeni atakunywa nini. Akasema mgeni atakunywa chai.

Nimeishi naye miaka mingi na ninamjua. Ni fundi seremala, karakana yake iko Mtendeni, anatengeneza milango ya mninga, na mlango wake ukishafungwa haupitishi hata unyasi. Ndivyo alivyo kwa kila jambo. Akiamua ameamua, na sisi wengine tutafute pa kukaa.

Safari hii sikumlaumu. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki Igunga kwa kisukari. Ilianza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, ambacho mwenyewe alisema ni cha kiatu. Kidonda kikapanda, mguu ukakatwa, na hata hivyo hakupona. Mume wangu hajawahi kuwa mtu wa hospitali. Katika ujana wetu aliwahi kung'oa msumari kwenye kiganja chake kwa koleo, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Lakini tulipotoka kumzika kaka yake, alikaa kwenye basi njia nzima akiitazama miguu yake. Sikumuuliza, kwa kuwa hata mimi nilikuwa naitazama.

Kwa hiyo kituo cha afya kilipotangaza siku ya kuwapima watu wazima presha na sukari, yeye alifika kabla viti havijapangwa. Muuguzi, binti mwenye sauti ya upole asiyependa kurudia jambo, alimwambia kwamba sukari yake iko juu, ila haijafika pa kuitwa ugonjwa.

"Uko mlangoni, baba," alimwambia. "Bado hujaingia."

Mume wangu aliyapenda sana maneno hayo, akayarudia kwa kila aliyemtembelea wiki ile. Aliambiwa apunguze ugali kwenye sahani na kuongeza mboga, aache soda, aache sukari, atembee kila siku mpaka jasho limtoke, kisha arudi kupimwa. Mimi pia nilipimwa siku ile. Presha yangu ilikuwa imeanza kunyanyuka, nikaambiwa nipunguze chumvi, na hilo nimelitekeleza huku nikinung'unika mpaka leo.

Tukaanza kutembea asubuhi baada ya sala. Tulishika njia ya Kwihara, ile ya zamani ya misafara, na watu wa Tabora wakiwa katika njia hiyo hawawezi kunyamaza kuhusu babu zao. Mume wangu ndiyo usiseme.

"Babu zetu walitoka hapa na pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo," alisema akihema. "Kwa miguu."

Nikamwambia babu zake walibeba pembe, yeye amebeba kitambi tu na tayari anatafuta pa kupumzikia. Alicheka mpaka akasimama kweli. Lakini aliendelea, siku hadi siku, na kile kitambi kikaanza kupungua. Nilipika mlenda, matembele na nsansa, yale majani makavu ya kunde, kwa karanga. Wali wa Igunga, ambao sote tunaupenda, tukauachia sikukuu. Viazi vikavu tulivyoletewa na ndugu wa kijijini niliviweka juu ya kabati, mkono wake usikofika. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona ana furaha, na mimi nilikuwa na furaha, nasema wazi. Watoto walikwishaondoka, nyumba ilikuwa imepoa, na sasa tulikuwa na kazi ya kufanya pamoja.

Mahali pa sukari ikaingia asali.

Hapa lazima nieleze, kwa ajili ya wasio wa kwetu. Tabora asali si kitu cha kupaka mkate. Mtu mzima akikohoa hupewa asali, akiungua hupakwa asali, mzee akiishiwa nguvu hukorogewa kwenye maji ya uvuguvugu. Misikitini tunasikia kwamba ina shifaa, na ukivuka kwa majirani zetu Wakatoliki na Wamoraviani habari ni hiyo hiyo. Sukari inatoka kiwandani, inakuja kwenye mifuko. Asali inatoka porini, kwenye maua ya miti ambayo wazee wetu wanaijua kwa majina. Mtaani kwetu hapakuwa na mtu ambaye angeviweka vitu hivyo viwili katika kapu moja. Muuguzi alimwambia aache sukari, na mume wangu akaacha sukari.

Tena ile haikuwa asali ya kununua sokoni. Mizinga yake, ile ya magome, iliachwa na baba yao, imetundikwa msituni upande wa Sikonge, na wale ndugu wawili waliirithi pamoja. Kila msimu kaka mtu alikuwa anatoka Igunga, wanaingia porini na jamaa zao kurina, wanarudi wananuka moshi na nyuso zimevimba, wanataniana nani amelia zaidi. Kaka alipofariki mume wangu aliendelea kurina, na aliendelea kuiita asali ya kaka. Asubuhi kijiko kikubwa kwenye maji ya uvuguvugu, kusafisha damu. Kingine kwenye chai, kingine kwenye uji wa mtama, na kichupa cha kwenda nacho kazini. Maji hayo nilikuwa nayabandika mimi mwenyewe, na nikichelewa nilijiona mke mzembe.

Aliporudi kupimwa, sukari ilikuwa imepanda.

Muuguzi alikitazama kile kitambi kilichopungua, akakitazama kipimo, akamchoma kidole kingine. Jibu likawa lile lile.

"Baba, niambie ukweli. Sukari unatumia?"

"Sijaigusa."

"Hata kidogo, ukiwa huko na wenzako?"

Mume wangu alisimama. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja kuhusu ubao, na sasa binti wa rika la mwanawe anamuuliza habari za kujificha. Aliaga kwa adabu, lakini njiani alitembea haraka kiasi kwamba siku hiyo mwenye kuhema nilikuwa mimi.

Mungu anisamehe, nilimwamini yule binti. Najua wazee wa baraza la kahawa pale Mtendeni hawanywi kahawa bila kashata. Nikaanza kunusa kanzu zake. Nilikung'uta mifuko nikapata misumari, kipande cha penseli na vumbi la mbao. Mwisho nilimpitia muuza kahawa mwenyewe, nikamzungukazunguka na salamu, kisha nikamuuliza kama mzee wangu siku hizi anapendelea kashata.

"Mama, mzee wako anatuhubiria," alinijibu. "Juzi kamnyang'anya mwenzake kashata mkononi, kamwambia anajichimbia kaburi."

Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana sasa sikuwa na wa kumlaumu.

Safari iliyofuata niliingia naye chumba cha vipimo. Alikuwa ameagizwa aje kabla ya kula, na kweli hakula. Muuguzi alimwamkia, akaitikiwa, akaanza maswali yake.

"Umekula chochote asubuhi hii, baba?"

"Sijala."

"Na kunywa?"

"Dawa tu."

Muuguzi akainua uso, kwa kuwa hakuwa amemwandikia dawa yoyote. "Dawa gani?"

"Asali," alisema mume wangu, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Na maji ya uvuguvugu. Kama kawaida."

Binti akaweka vifaa vyake chini. Akauliza ni kijiko cha namna gani, na mara ngapi kwa siku. Mimi ndiye niliyejibu, kwa kuwa jikoni ni kwangu. Nikataja maji ya asubuhi, nikataja chai, nikataja uji, nikataja kichupa cha kazini, na nilipofika hapo nilisikia mwenyewe ninachokisema. Yule binti hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote.

"Baba, mama, asali ni kitu kizuri," alisema. "Lakini ikishaingia kwenye damu, damu haiulizi kama imetoka kiwandani au porini. Kwa mwili wako, baba, na hiyo ni sukari."

"Si kweli," alisema mume wangu. Akavaa kofia yake na kutoka.

Nilidhani ni ukaidi wa kawaida, ambao nimeuzoea. Kesho yake nilikataa kubandika maji. Akabandika mwenyewe, akachota kijiko kikubwa mbele yangu, akakijaza mpaka kikamwagikia kidoleni, akanywa huku ananitazama. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia kama anataka kuugua akaugulie kwa dada yake, mimi mguu wa kuuguza sina. Matembezi ya Kwihara yakakoma. Tulikuwa tunakula kila mtu na upande wake wa mkeka, na mimi nilikuwa naogopa. Kila nilipomwona anavua viatu nilitazama vidole vyake, na yeye alijua natazama nini.

Siku moja nilimpelekea chakula karakanani. Alikuwa peke yake, anapiga randa ubao wa mninga, na nilipotoa salamu hakusimamisha kazi. Akasema bila kugeuka:

"Kama asali ni sukari, mimi nilikuwa nampelekea nini kaka?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wakati kaka yake anaumwa, mume wangu alikuwa anapanda basi kwenda Igunga kila alipopata nafasi, na kidumu cha asali alikibana katikati ya miguu safari nzima, hataki kiwekwe kwenye buti. Akifika ananawa mikono, anakaa kando ya kitanda na kumlisha mgonjwa kwa kijiko. Sisi wanawake tukihadithiwa tulikuwa tunasema, hakika huyo ndiye ndugu. Kidumu alikiacha kule, na safari iliyofuata alikikuta kitupu, akafurahi kwamba dawa inatumika. Sasa muuguzi wa watu, bila kujua, alikuwa amemwambia habari nyingine kabisa. Kwa hiyo aliendelea kunywa. Ilikuwa heri kwake augue kuliko kukubali kwamba alimlisha kaka yake kitu cha kumdhuru.

Nilisimama na hotpoti mkononi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: kwamba hakujua, kwamba ugonjwa ulikuwa umeshakuwa mkubwa, kwamba kila nafsi ina siku yake. Yote ni kweli, lakini yangetoka kinywani mwangu mimi ambaye sikuwepo. Aliyekuwepo pale kila siku ni mtu mmoja tu.

"Mke wa kaka yako hajapelekewa fungu lake la asali msimu huu," nilimwambia.

Randa ikasimama. Ni desturi ya familia yao. Wakisharina, kila nyumba inapata fungu lake, na la mjane halicheleweshwi. Alikuwa amelichelewesha, na nadhani alijua kwa nini.

Tulikwenda na basi la kupitia Nzega, kidumu kiko katikati ya miguu yake kama zamani. Igunga tulimkuta shemeji yake anapepeta mchele uani. Ni mkubwa kwetu sote wawili, mimi namwita dada. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo shemeji," naye akaitikia, akatupa pole ya safari, akakipokea kidumu kwa mikono miwili. Alitutandikia mkeka, akaleta chai. Kopo la sukari akaliweka kando, akafungua kidumu kile kile na kuchota kijiko, kumheshimu aliyekileta.

Mume wangu akafunika kikombe chake kwa kiganja. Sikuwahi kumwona akikataa kitu katika nyumba ile.

"Shemeji, nataka kukuuliza jambo," alisema. "Asali niliyokuwa namletea kaka. Ndiyo iliyommaliza?"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimetegemea azunguke kwanza, aulize mvua, aulize mpunga, kama tunavyofanya watu wazima. Shemeji naye hakuwa tayari. Aliirudisha ile asali kwenye kidumu taratibu, akakiweka kijiko kwenye sahani.

"Hakuila," alisema.

"Nilimlisha kwa mkono wangu."

"Kijiko kimoja. Kile cha mkononi mwako. Ukishaondoka anasema nigawie majirani. Hospitali walitukataza mapema, mguu bado uko mzima. Nilitaka kukwambia, shemeji, wallahi nilitaka. Akanizuia. Akasema, mdogo wangu ametoka Tabora amekumbatia kidumu cha mizinga ya baba yetu, nikimwambia hakinifai atabaki na nini cha kunifanyia? Kijiko kimoja kwa safari moja hakiniui, na yeye ataondoka moyo wake umetulia."

Kuku walikuwa wanadonoa pumba uani. Mimi nilikwishaanza kumshukuru Mungu moyoni. Niliona mzigo umetua. Sasa atalia kidogo, atakunywa chai yake kavu, tutarudi nyumbani tukaendelee na matembezi yetu. Lakini alipoinua uso alikuwa amekasirika. Sijawahi kumwona na hasira ya namna ile, na aliyekasirikiwa alikuwa marehemu.

"Angeniambia," alisema.

"Ilikuwa ni heshima, shemeji. Na mapenzi."

"Najua. Angeniambia tu. Mimi nimenywa hii asali asubuhi na jioni nikisema ndiyo dawa aliyoipenda kaka. Alijua, na wewe ulijua, na mimi nikaachwa nijinywee. Heshima yenu ilikuwa inanipeleka alikokwenda yeye."

Ndipo akalia. Alilia kama anavyofanya kila kitu, moja kwa moja na mpaka mwisho, kofia imefunika uso. Shemeji naye alilia. Mimi nilimwaga chai iliyopoa na kumimina nyingine, maana ilibidi mmoja wetu afanye kitu.

Alipomaliza alijifuta, akanywa chai yake bila chochote, akakunja uso kwa uchungu wa majani. Halafu akamgeukia shemeji yake.

"Na wewe umepima?"

Hawa wawili wametaniana maisha yao yote, lakini habari za mwili wake mume wangu hakuwahi kuziuliza. Shemeji alivuta mtandio wake ukakaa sawa.

"Mimi sina tatizo lolote."

"Kaka naye alisema ni kiatu."

Jioni ile walikubaliana, au tuseme mume wangu alikubali na shemeji akachoka kukataa, kwamba kesho tutampeleka akapimwe sukari na presha, na kwamba asile kitu mpaka atoke huko. Alimweleza taratibu, mara moja tu, kwa sauti ambayo niliitambua. Ilikuwa ya yule muuguzi wetu.

Asubuhi tulikuwa uani tumeshavaa, tunamngoja. Shemeji alitoka ndani na khanga mpya kama anakwenda harusini, amenuna kidogo, lakini ametoka.

"Haya, twendeni," alisema. "Sijala kitu, kama mlivyoniagiza."

"Na kunywa?" aliuliza mume wangu.

Shemeji alisimama mlangoni. Alinitazama mimi, nikatazama kuku. Akachukua ncha ya khanga yake mpya, akajifuta pembe ya mdomo.

"Kijiko kimoja tu," alisema. "Na maji ya uvuguvugu."

Mume wangu hakupandisha sauti. Alivuta kigoda, akakaa, akavua viatu alivyokuwa ameshavaa na kuvipanga kando.

"Basi leo hatuendi," alisema. "Tutalala hapa tena. Tutakwenda kesho."